Furushi Lililotangulia Sala: Somo la Kuwatia Moyo Dada Zetu Walio Umisheni

Somo la wiki kwa vikundi vya nyumbani na ushirika wa akina mama
Someni kwanza: Kutoka 17:8–13, Isaya 65:24, Warumi 16:1–2, 2 Wakorintho 1:3–11



Sisi tunaokusanyika hapa Johannesburg kila Jumapili tunajua maana ya kuwa mbali na kwetu. Tumetoka Bukavu, Uvira, Lubumbashi, Bujumbura, Kigoma na Mombasa, kila mmoja kwa njia yake. Tunajua simu ya usiku wa manane inavyoshtua moyo. Tunajua ilivyo kuugua katika chumba cha kupanga, bila shangazi wala jirani wa kukuletea uji. Mtu angedhani kanisa kama letu ndilo lingejua kuliko mengine yote namna ya kumtunza dada aliyetumwa mbali kwa ajili ya Injili. Wiki hii tunakiri kwamba hatukujua, na tunaomba tujifunze pamoja.

Dada yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuandike habari yake bila jina, alitoka katikati yetu akaenda kuhudumu kaskazini mwa Msumbiji. Alikwenda kuwafundisha watoto na akina mama waliokimbia makwao kwa sababu ya vita vya Cabo Delgado. Siku ya kumuaga tulimwekea mikono, tukaimba, tukalia, tukala pilau na pondu. Mwezi wa kwanza kundi letu la WhatsApp lilijaa ujumbe kila asubuhi. Mwezi wa nne ujumbe ulipungua. Mwezi wa sita ilibaki "Amina" na picha za mikono inayoomba. Alipougua malaria akalala siku nne bila mtu wa kumchotea maji, sisi tulipata habari baada ya wiki mbili, tena kwa mtu mwingine.

Aliporudi likizo tulikaa naye jikoni kwa mmoja wetu, tukamwuliza mbona hakutuambia. Alinyamaza kwanza, kisha akasema: "Mlikuwa mkiniandikia kwamba mnaniombea. Lakini hakuna aliyeniuliza aniombee nini." Baadaye, chai ilipokuwa imepoa, alitoa na lililobaki moyoni. Aliogopa. Aliogopa kwamba tukijua amechoka tutasema hakuitwa na Mungu, na mchango wa kila mwezi utakatika.

Hapo ndipo somo hili lilipozaliwa. Linasema jambo moja: kumtia moyo mtumishi aliye mbali ni kazi ya kila siku, inayoanza kabla hajalia, na ndani yake sala na mikono huenda pamoja.

1. Jiwe la Musa

Katika Kutoka 17 Israeli wanapigana na Waamaleki bondeni, naye Musa yuko juu ya kilima, mikono yake imeinuliwa. Mikono ikiwa juu, Israeli wanashinda. Ikishuka, Waamaleki wanashinda. Kisha Biblia inatueleza jambo ambalo kila mama aliyebeba mtoto mgongoni anaweza kulielewa: mikono ya Musa ikawa mizito.

Angalieni Haruni na Huri walivyofanya. Hawakumwambia Musa ajikaze. Hawakumkumbusha kwamba aliwahi kusimama mbele ya Farao. Hawakuuliza kama kweli aliitwa. Waliona kwamba amechoka, wakatafuta jiwe, wakamketisha. Baada ya hapo ndipo walipoishika mikono yake, mmoja upande huu na mwingine upande ule, mpaka jua likazama.

Jiwe lilitangulia. Mara nyingi sisi tunataka kuinua mikono ya dada yetu kwa maneno mazuri ilhali bado amesimama, hana pa kukaa. Akiwa hana maji, hana usingizi, hana wa kuzungumza naye kwa lugha yake, jiwe ni hilo la kutafuta kwanza.

2. Furushi la Nebobongo

Ndugu zetu waliotoka kaskazini-mashariki mwa Kongo wanalijua jina la Nebobongo, kituo kilicho karibu na Ibambi. Huko alihudumu daktari mwanamke, Helen Roseveare. Alizaliwa Uingereza mwaka 1925, akasomea udaktari Cambridge, akafika Kongo mwaka 1953 na shirika la WEC. Wenyeji walimwita Mama Luka, kwa jina la yule tabibu mwandishi wa Injili. Hakuwa na mume wala ndugu wa damu huko.

Mwenyewe alisimulia habari ya usiku mmoja ambapo mama alifariki akijifungua. Aliacha mtoto njiti mdogo sana, na binti wa miaka 2 aliyekuwa akilia. Kituo hakikuwa na umeme wala mashine ya kumpasha mtoto joto. Walimfunga mtoto kwa pamba, na mkunga akaenda kujaza maji ya moto katika mfuko wa mpira. Mpira ukapasuka. Ulikuwa wa mwisho, na msituni hakuna duka la kununua mwingine. Daktari aliagiza mtoto awekwe karibu na moto kwa uangalifu, na mkunga alale kati ya mtoto na mlango ili azuie upepo.

Kesho yake mchana alikwenda kuomba pamoja na watoto yatima wa kituo, kama ilivyokuwa desturi yake. Akawaeleza shida hiyo. Binti wa miaka 10, jina lake Ruth, akaomba bila kuzunguka: Mungu alete mfuko wa maji ya moto, tena alete alasiri hiyohiyo, kwa maana kesho mtoto atakuwa amekufa. Akaongeza ombi la pili: Mungu alete pia mwanasesere kwa yule dada mdogo, ili ajue kwamba anapendwa. Daktari alikiri baadaye kwamba moyoni hakuweza kuitikia amina kwa uaminifu. Alikuwa amekaa Kongo karibu miaka 4 bila kupokea hata furushi moja kutoka kwao. Na kama mtu angetuma, nani angetuma mfuko wa maji ya moto karibu na Ikweta?

Alasiri hiyo gari likaacha furushi kubwa barazani. Akawaita watoto walifungue pamoja. Zikatoka fulana za kufuma, bendeji za wagonjwa wa ukoma, zabibu kavu. Kisha akaingiza mkono tena, akagusa mpira. Ulikuwa mfuko mpya wa maji ya moto. Ruth akakimbia mbele akisema kwamba kama Mungu ameleta huo, basi na mwanasesere yumo. Alikuwamo, chini kabisa.

Furushi lile lilikuwa limefungwa miezi 5 kabla, na darasa la Biblia la wasichana ambalo daktari alikuwa akilifundisha kule kwao. Kiongozi wao alisikia moyoni kwamba atie mfuko wa maji ya moto, ingawa haikuonekana kuwa na maana. Msichana mmoja akatoa mwanasesere. Isaya 65:24 inasema kwamba Bwana hujibu kabla watu wake hawajaita. Tunapenda sana ahadi hiyo. Lakini tuangalie jinsi alivyoitimiza mara hii: kwa wasichana waliofuma, wakafunga kamba, wakaandika anwani. Kama wangesubiri mpaka wasikie kuna shida, jibu lingefika miezi 5 baada ya mazishi.

3. Joto halitolewi mara moja

Sisi tunaofanya kazi wodini tungependa mwelewe kwa nini mfuko ule ulikuwa jambo la uhai. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na ngozi yake ni nyembamba. Anapoteza joto haraka kuliko anavyoweza kulitengeneza. Akipoa, anaacha kunyonya. Asiponyonya, sukari yake inashuka. Mwishowe hata kupumua kunamshinda. Naye halii kwa nguvu. Hilo ndilo linalotutisha: mtoto anayepoa hunyamaza. Mama mgeni wa wodi hudhani amelala vizuri.

Ndiyo maana leo hospitalini tunamfunga mtoto kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, usiku na mchana. Njia hiyo, inayoitwa malezi ya kangaruu, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati mashine zilipokuwa hazitoshi. Ilionekana kwamba kifua cha mama kinafanya kazi kubwa. Haitoshi kumpasha mtoto joto asubuhi kisha ukamwacha mpaka jioni. Joto lake hutunzwa saa kwa saa.

Dada aliye umisheni naye anaweza kupoa hivyo. Mwanzoni huandika barua ndefu. Baadaye huandika fupi. Kisha huandika "Namshukuru Mungu, niko salama," na sisi tunadhani amelala vizuri. Wapendwa, ukimya wa mtumishi usiupokee haraka kama amani. Uulize.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, sisi hatutakuwapo siku nyoka atakapotokea. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba fimbo iko mlangoni kwake kabla nyoka hajafika.

4. Mtumwa naye ana mchungaji

Tusidhani kwamba kutia moyo hutoka tu kwa waliotuma kwenda kwa aliyetumwa. Mama Luka alisimulia kwamba ulifika wakati alipokuwa mkali. Kazi ilikuwa nyingi, wauguzi walimwogopa, na ndani yake alijua kwamba mambo hayako sawa. Aliyeliona hilo alikuwa Mchungaji Ndugu, Mkongomani, mchungaji wake. Hakuandika barua ya kumshtaki. Alimchukua mpaka kijijini kwake, akampa chumba, akamwacha apumzike na kuomba. Jioni walikaa kando ya moto, yeye na mkewe Tamoma.

Hapo Mchungaji Ndugu akachora kwa kisigino mstari mmoja ulionyooka katika vumbi, mfano wa ile herufi ambayo Waingereza huitumia kusema "mimi". Akamweleza kwa upole kwamba taabu yake ni hiyo: watu wanamwona Helen mno, hata wanashindwa kumwona Yesu. Tena alikuwa amemchunguza: kila anapopewa kahawa husimama na kikombe akingoja ipoe. Akamshauri kwamba katika dakika hiyo aombe Mungu aikate ile "mimi". Kisha akachora mstari wa pili ukikata ule wa kwanza, na pale vumbini ukaonekana msalaba.

Mchungaji yule hakuwa na shahada ya Cambridge. Alikuwa na macho ya kumtazama mtu mpaka akajua anavyoshika kikombe. Kumtia moyo mtumishi si kumsifu tu. Wakati mwingine ni kumwambia ukweli, lakini baada ya kumpa kitanda na moto.

Jambo lingine ni lile la matofali. Hospitali ya Nebobongo ilijengwa kwa matofali yaliyochomwa na wenyewe, na daktari alifanya kazi tanurini pamoja na mafundi mpaka vidole vikachubuka na kutoka damu. Siku moja aliitwa ghafla kufanya upasuaji, na kuosha mikono ile kwa dawa kukawa mateso. Alinung'unika: alikuja Kongo kuwa daktari, si fundi wa matofali. Mafundi wakamweleza kwamba akiwa chumba cha upasuaji wanamheshimu na kumwogopa, lakini akiwa tanurini, damu ikitoka vidoleni kama wao, ndipo anapokuwa dada yao. Kuna kazi za dada zetu ambazo hazipigwi picha wala hazitangazwi ibadani. Tuziulizie, maana huenda ndizo zinazofungua milango.

5. Yale yasiyosemwa

Sehemu hii tunaiandika kwa heshima, na viongozi wa vikundi waisome kwanza kabla ya kuisoma mbele ya watoto.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulifika Nebobongo. Wazee wetu kadhaa wanaukumbuka, na wengine walipoteza jamaa. Mama Luka alishikwa na waasi akakaa mateka miezi kadhaa. Usiku mmoja wa Oktoba alipigwa vibaya na kubakwa. Baadaye akawa pamoja na watawa wa Kikatoliki waliokuwa mateka vilevile, akapata nafasi ya kumfariji mtawa kijana aliyepatwa na uovu huohuo na kudhani kwamba usafi wake mbele za Mungu umekwisha. Alimsaidia kuona kwamba dhambi ile si yake. Waliokolewa mwishoni mwa mwaka ule. Mwaka 1966 alirudi Kongo, akafundisha wauguzi na wasaidizi wa tiba Nyankunde, Ituri, mpaka mwaka 1973. Alifariki Desemba 2016, akiwa na miaka 91.

Alisema wazi yaliyompata, katika miaka ambayo wanawake wengi wa kanisa walinyamaza hadi kaburini. Paulo naye katika 2 Wakorintho 1 hakuficha. Aliwaambia Wakorintho kwamba huko Asia walilemewa mpaka wakakata tamaa ya kuishi. Kisha akawaambia kwamba sala zao ni msaada. Hakungoja apone ndipo aseme. Na mwanzoni mwa sura hiyo anafundisha kwamba Mungu hutufariji ili nasi tupate cha kuwafariji wengine.

Swali letu sisi tuliobaki ni hili: je, dada yetu akiwa na habari kama hiyo, anaweza kutuletea? Au anaijua midomo yetu? Akiona kwamba siri ya mama mmoja ilifika kwa mama wa pili kabla ya ibada kwisha, hatatuletea yake. Atabeba peke yake, kisha tutasema amebadilika.

6. Alhamisi za Johannesburg

Mungu ametuweka katika mji ambao wanawake wake wametangulia kutufundisha. Siku ya Alhamisi tazameni kwenye teksi na vituoni: mtawaona akina mama wa Kimethodisti wenye blauzi nyekundu, kola nyeupe, sketi nyeusi na kofia nyeupe. Ushirika wao unaitwa Manyano, neno la Kixhosa lenye maana ya umoja. Ulianza mwanzoni mwa karne iliyopita. Alhamisi ilishika kwa sababu ndiyo alasiri ambayo wengi waliofanya kazi za ndani katika nyumba za wazungu walipewa mapumziko. Saa chache walizopewa ili wapumzike, waliziweka kwa maombi. Kila mmoja husimama akataja mzigo wake kwa sauti, wenzake wakalia naye, na mfuko wa senti ukapita.

Wengi wetu ni watumishi wa ndani, walinzi, wauguzi wa zamu ya usiku, wauzaji wa soko la Yeoville. Tunasema hatuna muda. Wale nao hawakuwa nao. Walichokuwa nacho ni siku moja inayojulikana, ambayo kila mwenye mzigo alijua kwamba akifika atakuta watu.

Na kuna habari ya barua. Hospitali kubwa ya Parktown ambako wengi wetu tunakwenda kliniki inaitwa kwa jina la Charlotte Maxeke. Akiwa msichana alikwenda ng'ambo na kwaya, akabaki Marekani kusoma katika chuo cha Wilberforce, Ohio, chuo cha Kanisa la AME la Wamarekani weusi. Kutoka huko alimwandikia dada yake aliyekuwa hapa Johannesburg. Barua ile ilimfikia Mchungaji Mangena Mokone, aliyekuwa ameanzisha Kanisa la Kiethiopia mwaka 1892. Mokone akaandika kwa viongozi wa AME, na mwaka 1896 makanisa hayo mawili yakaungana. Dada mmoja alimwandikia dada yake habari za mbali, na mlango ukafunguka ambao hakuna kati yao aliyeupanga. Nasi tusizidharau barua za dada zetu. Lakini asiyeandikiwa huchoka kuandika.

7. Tufanye nini?

Baada ya kuzungumza na dada yetu na kuomba, ushirika wa akina mama umekubaliana haya. Tunawaalika na akina baba.

*Tuulize kabla ya kuomba.* Kila wiki akina mama wawili kwa zamu watampigia au kumtumia sauti dada aliye mbali, na kumwuliza maswali matatu: Umelala? Umekula? Tukuombee nini wiki hii? Majibu anayoruhusu yatafika kwa wengine. Mengine yatabaki kwa hao wawili.

*Tuwe na siku.* Kila Alhamisi saa 2 usiku, popote ulipo, hata kwenye teksi au zamuni, omba dakika 10 kwa kumtaja jina na haja yake. Alhamisi ya mwisho wa mwezi tutakutana ana kwa ana.

*Tutume kabla ya kuombwa.* Furushi litafungwa kila miezi 3. Tumwulize anachohitaji, kisha tuongeze kitu kimoja cha kumfurahisha tu, kama yule mwanasesere. Miwani ya kusomea, taulo za kike, kipimajoto, soksi, majani ya chai anayoyapenda. Dawa zisitumwe bila ushauri wa daktari. Na fedha ya data ni furushi pia.

*Akirudi, apumzike.* Asipewe mimbari Jumapili tatu mfululizo. Alale. Apelekwe kliniki. Akipata homa baada ya kurudi, amwambie muuguzi ametoka wapi. Johannesburg si eneo la malaria, na mtu anaweza kupimwa mafua tu huku ugonjwa ukiendelea. Malaria haingoji Jumatatu.

*Siri iwe na mlinzi.* Dada aliyefanyiwa ukatili asiulizwe alivaa nini wala alikuwa wapi. Asaidiwe kufika hospitali mapema, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya HIV huanzishwa ndani ya saa 72. Kumwombea na kumpeleka ni kazi moja.

*Uchovu si uasi.* Mchango wa mtumishi hautakatwa kwa sababu amesema amechoka. Wazee wa kanisa wamelikubali hili, na tunaliandika hapa ili lisomwe na kila mtu, na dada zetu walio mbali walione.

Katika Warumi 16 Paulo anamtambulisha Fibi, mtumishi wa kanisa la Kenkrea. Anawaomba Warumi wampokee na kumsaidia katika neno lolote atakalohitaji, kwa sababu yeye mwenyewe amekuwa msaidizi wa wengi. Msaidizi wa wengi naye husaidiwa. Na Paulo anawaachia nafasi ili Fibi mwenyewe aseme ni neno gani analohitaji.

Maswali ya kujadili

1. Mara ya mwisho ulipoandika "nakuombea" kwa mtu, ulijua unaomba nini? Uliomba kweli?
2. Katika safari yako ya kuja nchi hii, nani alikuwa jiwe lako la kukalia? Je, uliwahi kumshukuru?
3. Kwa nini mtumishi wa Mungu anaogopa kusema amechoka? Sisi tumechangiaje hofu hiyo?
4. Mchungaji Ndugu alitoa kwanza kitanda na moto, kisha akasema ukweli. Tunapoonya, tunaanza na lipi?
5. Furushi lilifungwa miezi 5 kabla. Kuna jambo gani ambalo Bwana ameweka moyoni mwako kumfanyia mtu, nawe umeliahirisha kwa sababu huoni maana yake?

Tuombe

Bwana Yesu, tusamehe kwa amina nyingi zisizokuwa na mikono. Tunamkumbuka dada yetu anayerudi Msumbiji mwezi ujao. Mpe usingizi, mpe maji safi, mpe rafiki wa karibu anayeongea lugha yake. Wafariji wanawake waliobeba peke yao mambo mazito. Tufanye watu wanaoweza kuambiwa. Weka ndani yetu leo wazo la kile atakachohitaji kesho, nasi tukifunge, tukitume. Amina.

Wapendwa, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wazee walivyosema: ukiwa begani kwa mwingine unauona mwepesi. Alhamisi hii tuuchukue kidogo mikononi, tuupime. Karatasi ya zamu iko mlangoni, karibu na meza ya wageni. Mistari miwili ya kwanza tumekwisha kuijaza sisi wenyewe, yetu na ya mama aliyempikia dada yetu chai siku ile. Mingine inawangoja ninyi.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.